Wembe wa kunoa au wembe wa kubadilisha: upi unafaa saluni?

SWALI: Nina saluni ya kiume Mbagala. Kazi yangu kubwa ni ya mashine, lakini wateja wengi hupenda niwamalizie kwa wembe kwenye kingo za nywele, ndevu na kisogo. Kwa sasa natumia kishikio chenye wembe wa kubadilisha. Jamaa yangu anayeishi Ujerumani anataka kuniletea wembe wa kukunja wa zamani, ule unaonolewa. Anasema ni mkali zaidi, hauleti vipele, na utaniondolea gharama ya kununua nyembe kila siku. Je, nikiusafisha kwa spiriti kila baada ya mteja, naweza kuutumia saluni? Na hayo ya vipele ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu wa Mbagala, nianze na lile lisilo na mjadala: wembe wa kunoa usiuingize kwenye kazi ya wateja. Jamaa yako hajakudanganya kuhusu uzuri wa chombo chenyewe, ila mtu anayenyoa kidevu chake mwenyewe kila asubuhi hana mahitaji sawa na kinyozi ambaye kiti chake hakipoi tangu asubuhi hadi usiku.

Wembe, hata ukipita bila kutoa damu inayoonekana, huacha michubuko midogo juu ya ngozi na kubeba majimaji yake. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili kwa angalau siku 7 vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, hata ndani ya damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Kuufuta wembe kwa pamba yenye spiriti kwa sekunde chache, huku mteja mwingine ameshafungwa kitambaa shingoni, hakutoshi kabisa. Njia ya kuaminika kwa chombo kinachokata ngozi za watu mbalimbali ni mvuke wenye shinikizo, kama unavyotumika hospitalini, kwa joto la nyuzi 121 na kwa dakika zisizopungua 15. Sasa nyembe nyingi za kunoa hutengenezwa kwa chuma cha kaboni, ambacho mvuke na dawa za klorini hukitoboa vishimo vidogo kwenye makali, na mipini yake ya mbao au pembe hupinda na kupasuka. Ukiusafisha inavyotakiwa unaharibu wembe, na ukiuhurumia wembe unamhatarisha mteja. (Na wewe mwenyewe, kama hujachanja chanjo ya homa ya ini B, ulizia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, anayeshika wembe kila siku hujikata pia.)

Kuhusu ukali, madai ya jamaa yako yanahitaji kurekebishwa. Wembe wa kubadilisha unaouvunja katikati na kuuweka kwenye kishikio ni mtoto wa ule wembe mwembamba wa makali mawili ambao mvumbuzi King Camp Gillette alipewa hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, Marekani mwaka 1904. Unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na siku hizi kiwanda huyapaka makali yake utando mwembamba wa kupunguza msuguano. Ukitoka kwenye karatasi yake, wembe huo kwa kawaida ni mkali kuliko makali ambayo wengi wetu tunaweza kuyapata kwa kunoa kwa mkono. Anachokisikia jamaa yako usoni mwake ni ulaini. Wembe wa kunoa una uzito unaoufanya uteleze bila kusukumwa, mashavu yake, yaani pande zake mbili za bapa, yamechimbwa ndani ili makali yawe mepesi, na ncha zake mara nyingi zimeviringwa kidogo. Kishikio cha wembe wa kubadilisha ni chepesi mno mkononi, na kipande cha wembe kina pembe mbili kali kama sindano. Ukiuinamisha hata kidogo zaidi ya inavyopaswa, pembe ndiyo inayotangulia kwenye ngozi. Kwa hiyo wembe wa kubadilisha husamehe makosa machache zaidi, na huo ndio upungufu wake wa kweli.

Tukija kwenye vipele, hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu vinyozi wengi hupoteza wateja kwa kubadilisha vifaa badala ya kubadilisha mkono. Nywele za wengi wetu zimejikunja tangu ndani ya ngozi. Kinyozi akivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume na uelekeo wa nywele, unywele hukatwa ukiwa umevutwa nje. Ngozi ikiachiwa, ncha yake iliyochongoka hurudi chini ya uso wa ngozi, kisha inapokua hujipinda na kuchoma ngozi kutokea ndani. Mwili huushughulikia kama mwiba, na hapo ndipo kipele kinapotokea. Utaratibu huu hautofautishi wembe wa Ulaya na wembe wa dukani kwa Mangi. Wembe wa kunoa ukinyolea karibu sana na ngozi utaleta vipele vilevile, na wembe wa kubadilisha ukipitishwa mara moja tu, kufuata uelekeo wa nywele, bila kuikaza ngozi kupita kiasi na bila kukandamiza, utavipunguza sana. Mteja mwenye vinundu vigumu kisogoni usimpitishie wembe wowote. Mmalizie kwa mashine, uache nywele fupi zinazoonekana, na umshauri amwone daktari wa ngozi, kwani vinundu hivyo vikiendelea kuchokozwa huweza kugeuka makovu makubwa yasiyoondoka.

Gharama nayo haiendi jinsi ilivyosemwa. Wembe mmoja wa dukani haufiki nauli ya daladala, na ukiuvunja unapata vipande viwili kwa wateja wawili. Wembe wa kunoa unadai ukanda wa ngozi wa kuusugulia kabla ya kila matumizi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, halafu unadai mawe ya kunolea ya ulaini tofauti, kuanzia namba 1000 ya kurudisha makali yaliyoharibika hadi namba 8000 au zaidi ya kumalizia. Ukipitishwa kwenye ndevu ngumu za watu wengi kwa siku, hauwezi kupumzika mbali na jiwe kwa muda mrefu, kwa hiyo ungehitaji nyembe kadhaa za kupokezana, pamoja na saa za kunoa ambazo hakuna mteja anayekulipia.

Badala yake, boresha ulichonacho. Vunja wembe ukiwa bado ndani ya karatasi yake: ukunje kwa urefu kati ya vidole mpaka usikie mlio, kisha utoe nusu moja mbele ya macho ya mteja. Ukishauweka kwenye kishikio, uinue kwenye mwanga na uangalie kama makali yamejitokeza sawasawa pande zote mbili. Ukiona upande mmoja umechomoza zaidi, utoe na uuweke upya, kwa sababu upande huo ndio utakaokata. Ulaze karibu na ngozi, takriban nyuzi 30, na utumie mipigo mifupi. Jambo linalosahaulika sana ni kishikio chenyewe: vinyozi hubadilisha wembe kwa uaminifu, lakini ndani ya mfereji unamokaa wembe kumejaa povu lililoganda, nywele, na pengine damu ya mteja wa tatu nyuma. Ufungue, uusugue kwa brashi na sabuni, uuloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na uwe na vishikio viwili au vitatu vya kupokezana. Wembe uliotumika uingie kwenye kopo gumu lenye mfuniko, usitupwe kwenye mfuko wa taka ambao kijana wa kuzoa taka atauinua kwa mikono mitupu.

Kama bado unautaka ule wembe kwa ajili ya kidevu chako mwenyewe, mwambie jamaa yako akuletee. Atafute wenye alama ya Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, jina ambalo sheria ya nchi hiyo inalilinda, wa upana wa 5/8 au 6/8 ya inchi, na auagizie ukanda wake kwa pamoja. Mawe yanaweza kusubiri, mradi wembe uje ukiwa umeshanolewa tayari kunyolea, kwa sababu si kila wembe mpya huwa hivyo. Aepuke zile zinazong'aa za bei ya kutupa, ambazo chuma chake hakishiki makali hata ukinoa usiku kucha. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu na chumvi ya bahari, kwa hiyo baada ya kunyoa ukaushe vizuri mpaka kwenye kipini cha kukunjia, uuache wazi kwa muda kabla ya kuukunja, na uupake tone la mafuta mepesi. Usiuhifadhi bafuni.