Maswali na majibu: Wikendi kwenye mto Lufira

Mvua zikikatika, wageni wanaofanya kazi hapa Lubumbashi huanza kuniuliza habari za Lufira. Najibu machache.

*Dada, mimi ni Mkenya, niko kwenye kazi ya usafirishaji. Tuko watano, kila mtu na nchi yake, na tuna Jumamosi na Jumapili tu. Twende maporomoko ya Kiubo au ziwa la Tshangalele?*

Mdogo wangu, kwa siku mbili nendeni Tshangalele. Hadi Likasi ni kilomita kama 120 za lami, kisha mnashika njia ya ziwani. Ziwa hilo ni Lufira yenyewe, iliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha. Mitambo ya umeme ya pale ilianza kazi mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba. Palikuwa na maporomoko makubwa, na sehemu kubwa ya maji yake sasa hupitishwa kwenye mabomba. Napenda mgeni apaone mapema, maana utajiri wa mji huu ulisukumwa na mto huo. Ndege ni wengi mno. UNESCO iliiweka Lufira kati ya hifadhi zake za viumbe hai mwaka 1982.

Kiubo inapendeza zaidi, sibishi. Mto mzima unaanguka, na ngurumo yake unaisikia kabla hujauona. Lakini iko kwenye njia ya Mitwaba, udongo mtupu, na kwa siku mbili mtaishia kuona vumbi tu. Ombeni ruhusa ya siku ya tatu, mwende mwezi wa tano: barabara imekauka na maji bado yamejaa. Mwezi wa tisa moshi wa mioto ya porini hufunika kila kitu.

*Tunaweza kuogelea?*

Mimi nasema hapana. Lufira ina mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na mtu aliyesimama kati yake na mto hana pa kukimbilia. Basi hema lisipigwe kwenye njia zake. Hata pasipo na wanyama hao kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na kupenya ngozi kwa dakika chache tu, wala hakuna chanjo. Aliyekwisha kuingia majini akapimwe baada ya majuma sita hadi nane, hata kama hasikii maumivu. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Tafadhali, ukirudi kwenu ukaugua, mwambie daktari uligusa maji ya wapi. Huko hawatafikiria kichocho wasipoambiwa.

*Nibebe karatasi gani?*

Pasipoti yenye viza, na nakala zake kadhaa za kuacha kwenye baraji, yaani vizuizi vya barabarani. Madaraja, bwawa na askari usivipige picha.

*Mama, mimi natoka Mwanza. Wenzangu hubishania bei ya mtumbwi hadi mwenyewe anakasirika, nami naona aibu. Nifanye nini?*

Mwanangu, aibu yako ina haki. Mvuvi anayewachukua ameacha nyavu zake siku hiyo, na nyumbani wanangoja samaki. Kabla hamjapanda, kubalianeni bei ya mtumbwi mzima, kwenda na kurudi, na saa ya kurudi iwe kabla jua halijashuka. Mchague mmoja wenu wa kusema, wengine wanyamaze. Mpeni nusu, nusu nyingine mkisharudi. Dola iliyochanika hata kidogo hataipokea, kwa hiyo chukueni franka. Makoti ya kuelea tafuteni hapa mjini, msitegemee kuyakuta mtumbwini. Asiye nalo abaki ufukweni, hata kama ni bosi wenu. Samaki mnunue kwake huyo huyo, na mke wake akikubali kuwapikia na bukari (ugali wetu), mlipeni kazi yake mbali na bei ya samaki.