Jibu la msomaji: Daktari wa kwenye simu na miguu ya shangazi

Swali lenu la wiki hii, "Je, ni sahihi daktari kutoa ushauri wa tiba kwenye mitandao ya kijamii?", nililisoma kwenye daladala nikalijibu kabla ya kushuka: hapana. Daktari akae hospitali. Shida ilianza nilipokaa kuandika sababu.

Sababu zenyewe mnazijua. Ukifungua simu usiku, kabla hujafika kwenye habari za mpira unakutana na mtu wa koti jeupe, stetoskopu shingoni, anakuambia una UTI sugu. Hajakuona, hajapima mkojo wako, lakini dozi anayo, na mikoani anatuma kwa basi. Ukimponyoka huyo, wa tezi dume yuko nyuma yake, na wa nguvu za kiume huyo usingizi hana kabisa. Baadhi ni madaktari kweli. Wengine sijui koti wamelitoa wapi.

Lakini linaloniuma mimi si kama daktari aruhusiwe au asiruhusiwe. Ni hili: kwa nini shangazi yangu alimwamini mtu wa kwenye simu, akamwacha daktari aliyekaa naye chumba kimoja?

Shangazi yuko Tanga, ana presha, na ni mtu wa kufuata masharti. Kadi ya kliniki anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kupigia kura. Walimwanzishia amlodipini, dawa ya kushusha presha. Presha ikatulia, ila miguu ikaanza kuvimba, ikifika jioni ndala zinambana. Wakati huohuo mtu akarusha klipu kwenye grupu la ukoo: jamaa wa koti jeupe anasema dawa za presha zinaua figo, na dalili yake ni kuvimba miguu. Shangazi akaitazama klipu, akaitazama miguu yake, kesi ikaishia hapo. Vidonge vikapanda juu ya kabati, yeye akahamia juisi ya choya.

Hakumwambia mtu. Tulikuja kujua kwenye shughuli ya harusi, alipolalamika kichwa kinamgonga, na jirani ambaye ni muuguzi akampima: 190 kwa 110. Nikampigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Najua umeshaletewa mashtaka."

Nikamuuliza kwa nini hakumweleza daktari wa kliniki habari ya miguu. "Nimweleze saa ngapi? Naingia, hajainua kichwa, anauliza dawa zimekwisha? Nasema ndiyo. Anaandika, anaita mwingine. Huyu wa kwenye simu amekaa na mimi dakika kumi nzima, ananiita mama."

Nilitaka kubishana, nikakosa pa kuanzia. Daktari wa kliniki simlaumu sana. Ukiliona lile benchi la nje saa moja asubuhi, nawe ungeandika bila kuinua kichwa. Lakini na shangazi naye hakusema uongo.

Sasa sikilizeni kilichomrudisha kwenye dawa. Si mimi, maana nilimhubiria wiki nzima. Ni klipu nyingine. Binamu yangu alimpata daktari mmoja, Kiswahili chetu cha kawaida, hana muziki, hana dozi ya kuuza. Akaeleza kwamba amlodipini inatanua mishipa ya damu, na kwa baadhi ya watu maji yanajikusanya miguuni; hiyo peke yake si dalili kwamba figo zinakufa. Usiache dawa mwenyewe, rudi kliniki useme, watakubadilishia. Na kinachoharibu figo, alisema, ni presha iliyoachwa ipande. Shangazi aliirudia mpaka bando likaisha. Kisha akataka apelekwe kliniki, simu mkononi, klipu iko tayari. "Nikimwonyesha huyu atanisikiliza," alisema, "si ni mwenzake?" Na kweli daktari aliitazama, akacheka, akampunguzia amlodipini na kumwongezea losartani, dawa nyingine ya presha.

Hapo hapana yangu ikaanza kulegea. Tena tusiisingizie simu mambo yote. Mwaka 2011 watu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao nyumbani, wakati huo walio wengi hawana simu janja. Kiu ya kuambiwa "utapona" ilikuwepo kabla ya bando.

Na nikishikilia kwamba madaktari wanyamaze mtandaoni, namnyamazisha na Li Wenliang, yule daktari wa macho wa Wuhan, China. Tarehe 30 Desemba 2019 aliwaonya wenzake kwenye grupu la WeChat, mtandao wa kutumiana ujumbe wa huko, kuhusu ugonjwa mpya. Siku chache baadaye polisi walimwita wakamsainisha karipio, eti anaeneza uvumi. Februari 2020 Korona ikamuua.

Basi waje. Ila anayefundisha asiuze dozi kwenye klipu hiyohiyo. Akishataja bei, kwangu ni muuzaji. Aweke jina lake kamili na namba yake ya usajili ya Baraza la Madaktari Tanganyika, tujue koti limetoka wapi. Na wale wanaorusha video za vidonda vya watu, au mama yuko leba na sura inaonekana, hao hata wakifundisha vizuri namna gani siwataki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na hata isingekuwepo sheria, ni aibu.

Wasiwasi haujaniisha. Shangazi sasa ndiye mrushaji mkuu wa klipu ukoo mzima: leo ya maana, kesho ya kitunguu saumu kinachosafisha moyo. Bahati yetu klipu nzuri ilimkuta kabla ya kiharusi. Kuna nyumba ambazo haikufika. Kwenye hesabu yenu niwekeni upande wa ndiyo, kwa masharti hayo. Likikosekana hata moja, nirudisheni kwenye hapana.