Barua kwa mwanangu: hizo dola 17 si ada ya kufunga kadi

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka Mombasa. Sote hatujambo, na picha ya bili uliyonitumia imefika.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, ile kadi ya mkopo uliyokatia tiketi ya kuja harusini kwa Rehema umeilipa yote, ukapiga simu ikafungwa, na mwezi uliofuata ikaja bili ya dola 17 na senti 12. Wataka kujua kama hiyo ni ada ya kufunga akaunti. Pili, ile kadi yako nyingine, yenye ada ya dola 95 kwa mwaka, utaifunga vipi bila ya kushtukizwa tena.

Ada ya kufunga siyo. Huko Marekani benki haina ruhusa ya kukutoza faini kwa kuwa umefunga kadi. Sheria ya kadi aliyoitia saini Obama mwaka 2009, pamoja na kanuni zake zilizoanza kutumika Agosti 2010, ilizuia faini hiyo, na ile ya kuiacha kadi bila ya kuitumia pia. Nalikumbuka hilo vizuri kwa sababu wakati huo nilikuwa bado napokea simu za wateja kwenye kitengo cha kadi kule Wilmington, Delaware, na karatasi zetu za majibu zilikuwa zikibadilishwa kila mara.

Ulichotozwa ni riba. (Baba yako usimtajie, akilisikia neno hilo tu anaanza hotuba, na simu hutaipata tena.) Itazame taarifa yako ya mwezi: imetolewa tarehe 3, salio dola 1,240. Wewe ukalipa 1,240 tarehe 24 ukajua umemaliza. Lakini kadi ambayo deni lake unalivuta mwezi kwa mwezi, kama ulivyokuwa ukifanya, huwa haina tena ile nafuu ya kulipa bila riba, wanayoipata wanaolipa deni lote kila mwezi. Riba yake huhesabiwa kila siku mpaka pesa ziingie. Kiwango chako ni asilimia 24 kwa mwaka. Kigawe kwa siku 365, uzidishe kwa 1,240, utapata kama senti 81 na nusu kwa siku. Tarehe 3 hadi 24 ni siku 21. Jumla yake ndiyo hiyo hiyo dola 17 na senti 12. Hesabu yao ni sawa, ila aliyeifunga kadi yako alipaswa kukwambia kwamba kuna riba bado njiani. Wateja waliokuwa wakinipigia wakifoka, wengi wao ni hili lililowafika.

Kwa hiyo usilipe salio lililoandikwa kwenye taarifa ukaona yamekwisha. Piga simu uwaulize: "Pesa zangu zikifika Ijumaa, kiasi gani kitamaliza deni kabisa, pamoja na riba?" Wao wana njia ya kukupa hesabu ya siku hiyo. Uliza pia kama kuna manunuzi ambayo bado hayajaingia kwenye akaunti, kwa sababu mafuta ya gari uliyotia jana huenda yasionekane mpaka kesho kutwa.

Hiyo 17 ilipe leo. Unaweza kuwaomba waisamehe. Kiasi kidogo kama hicho, kwetu sisi, msimamizi alikuwa mara nyingi akikubali mteja akisema kwa upole. Lakini usiinyamazie kwa hasira. Faini ya kuchelewa kisheria haiwezi kuzidi kile kiwango cha chini ulichotakiwa kulipa, kwa hiyo faini yenyewe haitakuumiza sana. Kinachoumiza ni kwamba ukipitisha siku 30, benki inaweza kuripoti kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazoweka kumbukumbu za nani analipa madeni yake na nani halipi, na alama hiyo hukaa miaka 7. Siku unatafuta nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hatajua ilikuwa dola 17 za tiketi ya harusi. Yeye ataona mtu asiyelipa.

Sasa hii kadi ya pili. Kwanza tafuta tarehe ya ada ya mwaka. Benki inatakiwa kukuarifu kabla haijaitoza, na kukueleza namna ya kufunga na hadi lini ili usiilipe. Mara nyingi maelezo hayo yamo ndani ya taarifa ya mwezi, kwa herufi ndogo, karibu na mwisho, mahali ambapo hakuna anayesoma. Kama ada imeshaingia, usikate tamaa: benki nyingi huirudisha ukifunga ndani ya siku 30. Hiyo lakini ni sera ya kila benki, basi uliza kabla ya kusema "funga".

Tena mimi ningekushauri usiifunge. Waambie wakuhamishie kwenye kadi yao isiyo na ada. Akaunti inabaki ile ile na umri wake, na kiwango chako cha mkopo, yaani kikomo cha unachoweza kukopa, hakipungui. Ukiifunga, historia yako nzuri ya malipo inaweza kukaa mpaka miaka 10, hilo halinitishi, lakini deni la kadi zako nyingine litaonekana kubwa likilinganishwa na kiwango kilichobaki. Wakikataa, haya, funga.

Kabla ya kufunga, pitia taarifa za miezi kadhaa na uhamishe kila malipo yanayojikata yenyewe: simu, filamu, ukumbi wa mazoezi. Usitegemee kwamba kadi iliyofungwa itayakataa. Malipo ya namna hiyo huweza kupita hata baada ya kufunga, nawe ukaletewa bili ya akaunti uliyokwisha kuisahau. Salim naye ana kadi ya ziada kwenye akaunti yako, si ndiyo? Mnyang'anye mapema. Anachonunua yeye, deni ni lako.

Pointi za zawadi ulizokusanya kwa kununua na kadi zitumie kwanza. Taarifa za zamani zipakue, maana akaunti ikifungwa huenda usiweze kuingia tena kwenye programu yao. Na kama utakuwa umerudisha kitu dukani na pesa zikaingia baada ya kufunga, andika barua uzidai: zikizidi dola 1, wanatakiwa kukurudishia ndani ya siku 7 za kazi tangu waipokee barua yako.

Waombe uthibitisho wa maandishi kwamba akaunti imefungwa kwa ombi la mteja na salio ni sifuri. Ikija bili usiyoielewa, pinga kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu taarifa ilipotumwa. Tazama anwani vizuri: ya malalamiko kwa kawaida si ile ya kupelekea malipo, nayo iko upande wa nyuma.

Ukishapiga simu, niandikie wamekwambia nini kuhusu hiyo 17, na unipe tarehe ya ada ya kadi ya pili. Kama imebaki chini ya mwezi, anza na hiyo kesho asubuhi kabla hujaenda kazini, laini zao huwa nyepesi saa hizo.

Mamako