Umri wa mtoto hauongezwi mahakamani

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Amekamatwa na wenzake kwa kuiba simu, kesho wanafikishwa mahakamani. Kuna mtu pale ananidai laki moja na nusu. Anasema mtoto akitaja miaka 18 atapigwa faini yaishe siku hiyohiyo, la sivyo atapelekwa Irambo. Nifanyeje? – Mama, Temeke

JIBU: Mama, usimpe hata shilingi. Huyo ni kishoka, na maneno yake nayasikia kila mara. Mtoto akishatamka 18, anasomewa mashtaka kama mtu mzima. Akikosa dhamana analala na wakubwa. Akitiwa hatiani, kifungo kinamhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha jela. Kinga hiyo ndiyo kishoka anakuuzia uivue, tena kwa pesa yako.

Kesho nenda mwenyewe na cheti cha kuzaliwa. Huna? Beba kadi ya kliniki, au barua ya shule. Nimeona mama akitoa kwenye mfuko wa nailoni kadi iliyochanika pembeni, tarehe ya kuzaliwa bado inasomeka kwa wino wa bluu. Mtoto alikuwa ameshasema ana 19. Umri ukachunguzwa, faili likahamia Mahakama ya Watoto.

Irambo ni shule ya maadilisho iliyoko Mbeya, na mtoto haendi huko bila amri ya mahakama. Kabla ya kuamua, hakimu hupata taarifa ya afisa ustawi wa jamii, na anaweza kumwachia mtoto kwa masharti. Sisi maafisa ustawi tukija nyumbani kwako tutauliza analala wapi, anashinda na nani, shule aliacha kwenda lini. Usifiche. Wazazi wengi hutupambia mambo, kisha mtoto anapewa masharti yasiyogusa kilichomfikisha pale.

Na wewe mzazi unayesema "mwacheni alale ndani akome", nakuomba uache. Wavulana niliowafuatilia baada ya kukaa na wakubwa walirudi mtaani na marafiki wa umri wa baba zao. Mmoja alikwenda kwa kosa la kuku. Aliporudi alikuwa anajua kufungua mlango wa gari bila ufunguo, na aliyemfundisha alikuwa anamsubiri nje.