Kabla hamjaleta timu kubwa: hao watu mechi ya pili watarudije?

Mkuu, usisaini. Umeandika kwamba klabu yenu iko ligi za chini, uwanjani mnapata watu wachache wale wale, na kamati imekubali kumaliza fungu la promosheni la msimu mzima kwa kuleta timu kubwa, mechi ya kirafiki, kiingilio bure, "ili watu watujue". Halafu ukauliza na mambo ya jezi, kurasa za mitandaoni, watoto, na kama mpige muziki wakati wa mapumziko. Hayo mengine yatasubiri. Hilo la kirafiki nililisimamia mwenyewe nikiwa katibu wa klabu yetu, na hasara yake tuliilipa mpaka viongozi waliofuata wakairithi.

Uwanja ulijaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo litakalowapofusha. Ulijaa mpaka vijana wakapanda ukuta wa nyuma ya goli, na mwenyekiti wetu akawa anapiga picha huku machozi yanamlengalenga. Ukizitazama picha zile leo, jezi zote ni za wageni. Watu walikuja kuwaona mastaa wao kwa karibu, bure, na sisi tulikuwepo ili mastaa wapate mtu wa kumpiga chenga. Straika wetu alipofunga (ndiyo, tulifunga, naomba iingie kwenye kumbukumbu) uwanja mzima ukanyamaza, kipaza sauti kikasikika kinakoroma. Mtoto mmoja nyuma yangu akamuuliza baba yake, "Hawa wa kijani ni kina nani?" Baba akajibu, "Hata sijui, mwanangu." Klabu imekuwepo tangu huyo baba hajazaliwa! Tulikodi ukumbi, tukalipa bendi, tukapanga viti, kumbe harusi ya watu wengine.

Njoo kwenye hesabu. Timu kubwa haiji kwa mapenzi. Kuna hela ya kuwaleta, hata mkiibatiza jina la "mchango wa maandalizi". Kuna usafiri na malazi ya msafara, na msafara hauishii kwa wachezaji: kuna benchi la ufundi, madaktari, wapiga picha, na watu ambao mpaka leo sijaelewa walikuja kufanya nini zaidi ya kuulizia chumba chenye feni. Kuna walinzi, waamuzi, gari la wagonjwa. Kuna uzio ulioangushwa. Kipyenga cha mwisho kilipolia umati ukavamia uwanja kuomba jezi, ukaikanyaga nyasi mpaka ikageuka vumbi, na mechi ya ligi iliyofuata mpira ukawa unadunda unakotaka wenyewe. Kipa wetu alifungwa goli ambalo mpaka leo hataki lizungumzwe.

Hayo yote unaweza kuyameza ukayaita gharama za matangazo. Ninachoshindwa kukisamehe ni kwamba hatukuandika jina la mtu hata mmoja. "Bure" yetu ilikuwa kufungua mageti, watu wakaingia, watu wakatoka. Hatukuchukua namba za simu. Hatukugawa hata kikaratasi chenye ratiba. Mtangazaji hakutaja mechi yetu inayofuata kwa sababu alikuwa na orodha ndefu ya kuwashukuru wageni rasmi. Yaani tulipata umati ambao klabu yetu haijawahi kuupata, tukausindikiza mpaka getini, tukaufungia mlango kwa nyuma.

Mechi ya nyumbani iliyofuata wakaja wale wale. Niseme ukweli, walipungua. Tulikuwa na mzee mmoja ambaye siku zote alisimama karibu na kibendera cha kona, redio ndogo sikioni, anasikiliza mechi nyingine huku anaitazama yetu na kuitukana. Siku ya kirafiki walinzi wa kukodi walimwondoa pale kwa sababu eneo lile lilitengwa kwa wageni waalikwa. Hakuonekana tena. Nilipomfuata kumuuliza, akanijibu kwa upole kabisa: "Aah, siku ile mlikuwa na wageni wa maana, sikutaka kuwasumbua." Mwenye kuambiwa hivyo na mzee aliyekuja hata mlipokuwa mnafungwa kila wiki, ajaribu kulala usingizi.

Sasa nimgeukie bwana mkubwa aliyetuuzia wazo. Alijiita mtaalamu wa chapa. Alikuja na kompyuta mpakato na mchoro wa mishale inayopanda, kila sentensi ina "mwonekano" ndani yake. Kila tulipouliza watu watarudije, alisema "wakishawaona, watawapenda". Sisi tukatikisa vichwa, tumevaa suti, tunaogopa kuonekana washamba. Baadaye nikausoma mkataba vizuri (baadaye, ndiyo, nicheke tu) nikakuta analipwa kwa idadi ya vichwa vilivyopita getini siku ile. Kwake kazi iliishia kipyenga cha mwisho. Na ankara yake ilikuja imeambatishwa ile picha ya uwanja uliojaa. Nasikia bado anaitumia kutafutia wateja. Kama ndiye aliyewaletea na nyinyi, mpe salamu zangu, ila msimpe hela.

Kanuni yangu ni hii, na sina nyingine: hela ya klabu isitoke kwa ajili ya mechi ya kwanza ya mtu kabla hamjajua mechi yake ya pili itakuwaje. Lini, dhidi ya nani, nani atamkumbusha, na akifika nani atamtambua. Kumleta mtu mara moja ni rahisi, hata ajali barabarani inajaza watu. Shabiki wa kupita hahitaji kuwapenda. Anahitaji sababu ya kurudi na mtu wa kumwambia mechi ni Jumamosi saa kumi.

Najua kuna mtu atakuja hapa kuniambia mbona Ujerumani wanafanya bure na inalipa. Sawa, tuitazame. Fortuna Düsseldorf walicheza mechi yao ya kwanza ya bure Oktoba 2023 dhidi ya Kaiserslautern, wakiwa nyuma 0-3 wakaishinda 4-3, mechi ya ndoto. Lakini ile ilikuwa mechi yao wenyewe ya ligi, nyumbani kwao, wadhamini ndio waliobeba mzigo, na aliyetaka tiketi alijiandikisha kuomba, halafu zikagawiwa kwa bahati nasibu. Maana yake hata aliyekosa tiketi aliacha jina. Paris FC wa Ufaransa nao walitangaza Novemba 2023 kwamba mechi zao za nyumbani zingekuwa bure. Zingatia wingi huo, mechi. Aliyeonja ya kwanza alikuta ya pili nayo iko wazi. Sisi tulichukua neno bure, tukaacha yote yaliyolishikilia.

Na mwingine atataja Union Berlin na lile tamasha lao la kuimba nyimbo za Krismasi uwanjani, ambalo siku hizi linakusanya makumi ya maelfu. Lilianza mwaka 2003 na mashabiki 89. Themanini na tisa! Hakuna mtaalamu wa chapa ambaye angekubali kulipwa kwa vichwa 89. Mwaka uliofuata walirudi na wenzao kwa sababu ni kitu chao, kina siku yake, na hakuna aliyehitaji kuwaeleza ni cha nani. Nyinyi mnataka kuanzia makumi ya maelfu halafu mshuke.

Baada ya kuungua, tulichofanya kilikuwa kidogo mpaka kinatia aibu. Daftari getini. Anayeingia kwa mara ya kwanza anaulizwa kama angependa kukumbushwa mechi ijayo. Akikubali anaandika jina na namba, akikataa anaambiwa karibu vile vile. Alhamisi jioni mweka hazina anatuma ujumbe mmoja, mfupi: tunacheza na nani, saa ngapi, geti gani. Mmoja tu. Kijana wetu mmoja aliwahi kuongeza salamu za asubuhi na misemo ya busara, watu wakaanza kuomba watolewe. Na ndani ya ule ujumbe tukawa tunaweka kitu kimoja cha kumfanya mtu atake kujua mwisho wake, kwa mfano kwamba kipa wa akiba anacheza kwa mara ya kwanza na mama yake atakuwepo jukwaani. Uwanja mzima ulimshangilia yule mama kuliko mwanawe, ambaye kusema kweli hakuwa na siku nzuri.

Jambo jingine lililotusaidia ni waokota mipira. Mtoto akipewa kazi ya kuokota mipira, nyuma yake kuna mzazi, shangazi, kaka na jirani waliokuja kumtazama akikimbia. Hao hawajui kanuni ya kuotea na wala hawahitaji kuijua. Ila wapeni watoto zamu ya mechi mbili mfululizo, msiwape moja! Hapo ndipo kanuni yangu inapofanya kazi bila hela yoyote, maana familia inaondoka uwanjani ikijua tarehe ya kurudi.

Chagueni pia siku ambayo timu kubwa hazichezi. Uingereza wana siku ya klabu ndogo, Non-League Day, tangu mwaka 2010, na huwekwa wakati madaraja ya juu yamesimama kupisha timu za taifa. Mwenye timu yake kubwa siku hiyo hana pa kwenda. Mwacheni aje na jezi yake hiyo hiyo. Sisi tulikuwa na kikundi cha ngoma kilichokuwa kinawazomea watu wa namna hiyo, "nenda kwenu!", na watu walikwenda kwao kweli. Nililumbana na wale vijana karibu msimu mzima. Mtu hawezi kuachana na timu aliyorithi kwa babu yake kwa sababu nyinyi mmeshinda mbili bila. Mnachoomba ni Jumamosi zake zilizo tupu, basi.

Jezi uliuliza nini vile? Rangi zenu msizibadilishe kila msimu. Muziki wakati wa mapumziko, sawa, ila ushushwe watu waweze kuongea. Mitandao sina la maana, anayeisimamia kwetu ni binti wa mwenyekiti na anajua zaidi yangu.

Turudi kwenye mkataba. Kama kamati imeng'ang'ania lazima timu kubwa ije, basi dai haya kabla ya saini. Kuingia kuwe kwa kujiandikisha, hata kama ni bure. Kila anayejiandikisha apewe na tiketi ya mechi yenu ya ligi inayofuata, na mechi hiyo iwe ndani ya wiki hiyo hiyo, watu hawajasahau njia. Wageni wachezee uwanja kwa masharti, anayevamia nyasi atoke nje, na gharama ya kuitengeneza ikatwe kwenye hela yao. Wenye sehemu zao za siku zote wabaki kwenye sehemu zao, waalikwa watafutiwe viti kwingine. Na mtaalamu wenu, kama yupo, alipwe nusu tu siku ya kirafiki. Nusu nyingine asubiri mechi ya tatu ya nyumbani, mhesabu ni wangapi kati ya waliojiandikisha wamerudi, alipwe kwa hao. Akikubali, huyo ni mtu wa kazi, niunganishe naye. Akianza kueleza habari za mwonekano, mfungulieni mlango kwa heshima.

Umesema kikao ni Jumapili. Leta hapa kipengele cha malipo kama kilivyo, funika majina, nikisome kabla hamjakaa. Na ile picha ya uwanja uliojaa aliyowaonyesha, angalia nyuma ya goli. Ukiona vijana wamekaa juu ya ukuta na mtu mmoja mnene kwenye suti ya kijivu anapunga mkono, huyo ni mimi.