Imechukuliwa, kimechukuliwa au zimechukuliwa?

SWALI: Tunatafsiri mchezo wa zamani wa kompyuta, ule unaochezwa kwa kuandika amri, bila picha. Mchezaji akiandika "chukua taa", unajibu "Imechukuliwa". Akiandika "chukua kisu", jibu ni lilelile. Mwenzangu anasema "i-" inatosha kwa vitu vyote visivyo na uhai, kwani ndivyo wengi wanavyozungumza. Sikio langu linakataa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Sikio lako halikukosea. Mazungumzo ya haraka huvumilia "kisu iko wapi", lakini mahali pasipo na picha, kiambishi ndicho kinachomwambia mchezaji ni kitu gani kimeguswa. Tazama Colossal Cave Adventure, mchezo ulioanzishwa na Will Crowther katikati ya miaka ya 1970 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Katika jengo dogo la mwanzoni kuna funguo, taa, chakula na chupa. Mchezaji akivichukua kimoja kimoja, Kiswahili kinadai zimechukuliwa, imechukuliwa, kimechukuliwa, kisha imechukuliwa tena. Huko pangoni yupo ndege wa kutiwa tunduni. Huyo "amechukuliwa", kwa sababu kiumbe hai hufuata A-WA hata kama jina lake lina umbo la I-ZI. Ukiandika "ndege imechukuliwa", mchezaji ataona eropleni.

Njia ninayoipenda zaidi ni kutokifanya kitu kuwa kiima kabisa. Adventure hujibu "OK" tu. "Taken", yaani "imechukuliwa", ni jibu la Zork, mchezo mwingine wa aina hii. "Haya." ya Kiswahili inabeba OK ile vizuri sana, bila kugusa ngeli yoyote. Mkitaka sentensi kamili, mpeni mchezaji nafasi ya kiima: "Umechukua taa", "Umechukua funguo", na kwa kiumbe hai "Umemchukua ndege".

Angalieni mtego mmoja hapa. U- ya nafsi ya pili inafanana na u- ya mlango, mti na ufunguo. Jibu fupi "Umefungwa" laweza kumaanisha mlango haupitiki, au mchezaji amefungwa kamba. Kwa hiyo kitu cha ngeli ya U kisiachwe bila jina lake: "Mlango umefungwa."

Kuna sentensi ambazo haziepukiki: sanduku la barua limefungwa, kikapu hakina kitu, taa inazimika. Hapo kila kitu lazima kibebe ngeli yake ndani ya programu. Inform, mfumo wa kuandikia michezo ya aina hii alioutoa Graham Nelson mwaka 1993 na ambao wapenzi wa michezo hii bado wanautumia, una maktaba inayotambua jinsia tatu, umoja na wingi, chenye uhai na kisicho na uhai, jumla nafasi 12. Msijaribu kuzibandika ngeli zetu humo. Ongezeni sifa mpya kwa kila kitu, muiite ngeli, na muihifadhi kama namba ya ngeli badala ya kiambishi kilicho tayari. Sababu ni kwamba kiambishi kimoja hakitoshi. Ndege "amelala", lakini hatusemi "ako", tunasema "yuko". Kuuliza ni "yupi", na kukanusha ni "hajalala". KI- hugeuka ch- mbele ya irabu, hivyo kisu "cheusi" na kisu "cha mpishi". Kwa namba ya ngeli mnaweza kuandaa jedwali moja lenye safu ya kiima, ya ukanushi, ya -a unganifu, ya -ko na ya -pi. Swali la kutofautisha vitu litatoka sawasawa: "Unakusudia kisu kipi, kikali au butu?"

Sehemu ngumu kuliko zote ni upande wa mchezaji. Kwa Kiingereza kiwakilishi hujitenga kama neno. Kwetu kimo ndani ya kitenzi, nacho hubadili mwisho wake: soma kitabu, kisha "kifunge", chunguza taa, kisha "ichukue". Programu inayokata amri kwenye nafasi tupu itadai haijui neno hilo. Inform 6 inatoa nafasi ya kurekebisha amri kabla haijachanganuliwa, kupitia utaratibu uitwao LanguageToInformese. Humo fanyeni hivi: tafuteni neno kama lilivyo katika kamusi ya mchezo, na likikosekana ondoeni kiambishi (m, wa, u, i, li, ya, ki, vi, zi). Tafuteni tena, na likikosekana bado, geuzeni -e ya mwisho kuwa -a. Mpangilio huo usivurugwe. Mkianza kwa kuondoa kiambishi, "ufunguo" utapoteza u- yake. Mkikimbilia kugeuza -e, mtaharibu "samehe". Vitenzi kama "jaribu" havibadiliki mwisho, hivyo "ijaribu" hupatikana kwenye hatua ya pili. Vitenzi vya silabi moja huacha ku- vikipata kiambishi cha mtendwa: chakula "kile", maji "yanywe". Wekeni "la" na "nywa" kama visawe vya "kula" na "kunywa".

Jambo jingine ni urefu wa maneno. Mchezo wa Inform huweza kuendeshwa na mashine ya Z, yaani kompyuta ya kubuni iliyo ndani ya programu. Kamusi ya toleo la 3 la mashine hiyo, ambalo kampuni ya Infocom iliyouza Zork ilitumia kwa michezo yake mingi, hutambua herufi 6 za mwanzo tu. Mwanamke na mwanamume wote wanabaki "mwanam", na mchezo hauwezi kuwatofautisha. Tumieni toleo la 5 au la 8, yanayotambua 9. Herufi zetu za kawaida huchukua nafasi moja kila moja, lakini alama ya king'ong'o (') hula mbili, kwa sababu imo katika safu nyingine ya herufi. "Ng'ombe" hivyo hula nafasi 8. Katika Inform 6, neno hilo likiwa la kamusi huandikwa 'ng^ombe'. Ongezeni pia "ngombe", maana simu nyingi huweka alama iliyopinda, ambayo kamusi haiitambui.

Vifupisho vya pande za dunia navyo vinagongana: kaskazini na kusini zote ni k, mashariki na magharibi zote ni ma. Ka, ku, ms na mg vinatosha.

Kabla ya kumpa mtu ajaribu, tengenezeni chumba kimoja chenye mlango, sanduku, kisu, taa, funguo, maji na ndege. Fungeni, chukueni na chunguzeni kila kimoja, kwanza kwa jina, kisha kwa kiambishi pekee.