Muulize Shangazi: Mwanangu anachora tu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu yuko la nne, madaftari yote kayajaza katuni, mara simba anaendesha bodaboda mara sijui nini, sasa kuna warsha ya Jumamosi ya watoto kuandika hadithi na kuchora, nimpeleke au ndo nampoteza kabisa na hesabu zenyewe hajui? Mama wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpeleke bwana! Huyo simba ni hadithi tayari, bado tu tujue anaenda wapi na nani kagoma kulipa nauli. Ila kabla hujalipa kachungulie kwanza, ukikuta watoto wote wanakopi nyumba ileile ya ubaoni geuza urudi. Mwalimu mzuri anauliza "ehe, ikawaje?" halafu ananyamaza.

Hela haipo? Anzia nyumbani, karatasi ya A4 ikunje mara tatu upate vyumba 8, ifungue, ikunje nusu ncha fupi zikutane, kata kutoka kwenye mkunjo mpaka katikati, ifungue, ikunje nusu kwa urefu, sukuma ncha mbili zielekeane mpaka pale ulipokata pafunguke, ukiilaza inakuwa kakitabu ka kurasa 8 bila stepla. Mchoraji Edward Tingatinga alianza 1968 hapo Dar na rangi za baiskeli, sio vifaa vya bei mbaya. Na makosa ya herufi usiyaguse siku ya kwanza, nakuomba sana.

Hesabu? Si ndo hizo anakunja, nusu, robo, thumni.